Saa Mbili ya Nani

Katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila kulikuwa na ringi ya lori imetundikwa kwa waya kwenye nguzo, karibu na ghala la mgao, na mtu wa kuigonga alikuwa Vénérand. Mapigo matatu, watoto shule. Mapigo matano, maji yamefunguliwa. Akigonga mfululizo bila kupumzika, kila mtu alijua unga umefika, na foleni ilikuwa imeshapinda kona kabla hajashusha chuma chake. Hakuwa na cheo wala sare. Alikuwa na saa ya mkononi ambayo mkanda wake uliungwa kwa uzi wa gunia. Kwa miaka tisa hakukosea. Wanaosema alikosea siku moja ni wale wale waliochelewa mgao, na hao tuwaache na njaa yao.

Leo Vénérand ana miaka sitini na mmoja. Anaishi Fairfield, Sydney, na mkewe Kasoki, na siku za kazi anasafisha sakafu za kiwanda cha milango kule Smithfield. Kiwandani hakuna anayemuuliza saa. Kila mtu anayo yake kwenye simu, na kengele ya ukutani inajipigia yenyewe, haina haja ya mkono wa mtu. Miaka ya mwanzo hilo lilimuuma kuliko baridi, ingawa hakumwambia mtu. Ukisema unaikumbuka ringi ya kambini, watu watadhani unaikumbuka kambi.

Kilichomrudishia kazi yake ya zamani ni kifo. Mzee mmoja wa kanisa lao, mjane, alifariki kwenye fleti yake akakaa siku nne hajulikani. Jirani ndiye aliyeita polisi, na kilichomfanya awaite hakifai kuandikwa. Kanisa zima lilizika kwa aibu. Siku ile ile, wakiwa bado wamevaa nguo za msiba, Jerotich alimwendea Vénérand jikoni kwenye ukumbi wa kanisa.

Jerotich ni Mkenya, mama wa miaka arobaini na kitu, anafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja Parramatta. Anaongea haraka kama mtu anayelipia maneno.

"Mzee, nina kompyuta ya zamani ofisini, wanataka kuitupa," alisema. "Naweza kuifanya iwapigie simu wazee wetu kila asubuhi. Lakini inahitaji mtu wa kuichunga. Mtu asiyechoka na kitu kile kile kila siku."

"Umenitafutia sifa au umenitafutia kazi?"

"Vyote viwili."

Ndivyo alivyozaliwa Karani. Jina walimpa wazee wenyewe. Aliwekwa stoo, kati ya viti vya plastiki na sufuria kubwa za harusi, na taa yake ya kijani haikuzimwa. Kazi yake ilikuwa na hatua mbili. Usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, Karani aliandika orodha ya siku: nani apigiwe, nani amesafiri, nani yuko hospitali. Halafu saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliichukua orodha ile na kuwapigia wote kumi na wanne. Sauti iliyosikika ilikuwa ya Vénérand, aliyoirekodi mara saba mpaka akaridhika: "Umeamkaje? Ni Vénérand wa kanisani. Kama umeamka salama, bonyeza moja." Asiyebonyeza alipigiwa tena, na asipobonyeza mara ya pili, Karani alituma ujumbe kwenye simu ya Vénérand. Hapo Vénérand alifungua kopo la biskuti lenye funguo za akiba za wazee wote, akaenda kugonga mlango.

Wote wakibonyeza, Karani hakutuma kitu. Kunyamaza kwake ndiko kulikuwa habari njema. Walikubaliana hivyo siku ya kwanza, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Saa ya kuandika orodha aliichagua Vénérand mwenyewe.

"Saa nane na nusu usiku," alisema. "Hapo hata wezi wamelala."

Jerotich akacheka, akabonyeza 02:30, na Vénérand akaitazama ile namba bila kushangaa. Alikuwa ameshazoea kwamba kompyuta huhesabu kama Wazungu, kuanzia katikati ya usiku, na kwamba mtu mwenye akili zake huhesabu kuanzia jua linapotoka au linapozama. Kati ya hesabu hizo mbili kuna saa sita, basi. Alijumlisha na kutoa kichwani bila kuhangaika.

Kati ya wale kumi na wanne, mkubwa wao alikuwa Bibi Zilpah. Miaka sabini na tisa, mwembamba, mdomo mkali. Mwanawe alihamia Perth kufuata kazi za migodi, naye akabaki peke yake kwenye fleti ya serikali jirani na reli ya Fairfield. Alikuwa Mtabila pia. Miaka tisa aliamshwa na ringi ya Vénérand, na sasa anaamshwa na sauti yake.

"Sijawahi kulala na huyu mwanamume," aliwaambia akina mama kanisani, "lakini sina asubuhi hata moja ambayo hakuniamsha yeye."

Kasoki, mwenye mume, alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwake. Alicheka kuliko wote.

Kitu kimoja tu Bibi Zilpah alikataa kabisa katika nchi hii, nacho ni kusogeza saa. Hapa Sydney, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi saa zote zinarukishwa mbele saa nzima, na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne zinarudishwa nyuma. Simu zinajisogeza zenyewe. Saa ya ukutani ya Bibi Zilpah haikujisogeza, na yeye hakuisogeza. "Jua halijaniambia kitu," alisema. Kwa hiyo kila mwezi wa kumi, Jumapili ile, alifika kanisani wakati watu wanaimba wimbo wa mwisho, akakaa kwa heshima zake zote kama aliyewahi. Jumapili zilizofuata alipitiwa kwa gari. Imekuwa kichekesho cha kila mwaka. Watu humngojea mlangoni wamwone akiingia.

Mwezi wa nne wa mwaka jana, asubuhi ya kurudisha saa nyuma, Karani alichanganyikiwa. Aliwapigia wazee wote mara mbili. Walibonyeza moja, wakarudi kitandani, simu ikalia tena. Bibi Zilpah alimpigia Vénérand kabla hajanywa chai.

"Nimebonyeza, unaniuliza tena. Umesikia kwamba nimekufa hapo katikati?"

"Hapana, Bibi. Karani ameteleza."

"Mwambie mimi sijateleza."

Vénérand hakucheka. Alimpigia Jerotich, naye Jerotich akapokea akiwa anatembea kuelekea treni, pumzi juu juu.

"Ni mambo ya saa, Mzee. Ngoja nikueleze haraka. Ile saa kati ya saa mbili na saa tatu, ndiyo wanaichezea. Mwezi wa nne inakuja mara mbili, kwa hiyo kazi iliyopangwa humo inafanyika mara mbili. Mwezi wa kumi haiji kabisa. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kazi iliyopangwa humo haifanyiki, na kompyuta haisemi kitu, kwa sababu kwake hiyo saa haikuwepo."

Vénérand aliandika kwenye daftari, herufi kubwa: SAA 2 HADI SAA 3 MARUFUKU.

"Ya usiku?" aliuliza, kwa kuwa yeye ni mtu wa kuhakikisha.

"Ya usiku, eeh. Chochote kilichoko humo kitoe, kisogeze mbele."

"Nimeelewa."

Na alielewa kweli, kila neno. Alikwenda stoo, akavaa miwani, akafungua ratiba ya Karani na kutafuta kilichopangwa kati ya saa mbili na saa tatu ya usiku. Akakipata. Karani alikuwa na kazi nyingine ya jioni, ya kuwatumia wazee mstari wa Biblia, na ilikuwa imepangwa 20:30, yaani saa mbili na nusu ya usiku, watu wakitoka mezani. Alidhani hiyo ndiyo iliyoikoroga orodha. Akaisogeza hadi saa tatu na nusu. Wazee walilalamika kwamba mstari wa Biblia unawakuta wameshalala. Akawaambia ni amri ya Jerotich, na mwenye neno akamwambie Jerotich.

Wiki iliyofuata Jerotich alimuuliza kanisani, "Umeisogeza?"

"Nimeisogeza."

"Asante, Mzee. Wewe ni mtu wa kutegemewa."

Orodha ilibaki pale pale, saa nane na nusu, 02:30.

Mwezi wa kumi ukafika. Jumapili ile Vénérand aliamka mapema, akasogeza saa ya ukutani jikoni kwa mkono wake, akaiweka simu mezani karibu na kikombe. Saa moja asubuhi ikapita. Simu kimya.

"Karani amenyamaza?" aliuliza Kasoki.

"Amenyamaza."

"Basi wote wameamka. Kunywa chai."

Ibada ilianza saa tatu, nusu ya viti vitupu kama kawaida ya siku hiyo. Vénérand alisimama mlangoni kupokea watu. Jerotich aliingia amechelewa, akaangaza macho kwenye safu za mbele.

"Bibi Zilpah yuko wapi? Hakupokea simu yangu, nilitaka kumpitia."

"Bibi Zilpah bado yuko kwenye saa ya jana," alisema Vénérand. "Mpe muda afike leo."

Waliokuwa karibu walicheka, na Jerotich akacheka, akaenda kukaa. Ni Vénérand aliyesema maneno hayo. Inafaa ijulikane, kwa sababu yeye mwenyewe hakuruhusu yasahaulike.

Saa nne ikafika, yaani saa tatu ya Bibi Zilpah, na Bibi Zilpah hakuingia. Ukaimbwa wimbo wa mwisho. Watu waligeuza shingo kuangalia mlango, tayari kutabasamu, na mlango ukabaki mlango. Hapo ndipo Vénérand alipouacha mlango. Alijua kuwa mwanamke yule huchelewa kwa saa moja kamili, hakuwahi kuchelewa kwa mbili. Hata kukosea alikosea kwa usahihi.

Alikwenda stoo. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Akafungua orodha ya siku na kuona tarehe ya Jumamosi. Akatafuta ya Jumapili. Haikuwepo. Akatafuta simu za asubuhi: hakuna aliyepigiwa, hata mmoja. Karani hakuwa na orodha, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumpigia, kwa hiyo hakuwa na asiyebonyeza wa kumripoti. Alinyamaza, na Vénérand akanywa chai.

Alimwita Jerotich kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kanisani. Akampa daftari la namba. "Wapigie wote kumi na watatu. Mimi naenda kwa Zilpah." Akachukua kopo la funguo, lote, bila kupoteza muda wa kuchagua.

Kutoka ukumbini hadi kule relini ni dakika kumi na mbili kwa gari. Kila taa ilikuwa nyekundu. Alipanda ngazi mbili mbili kwa magoti yake ya miaka sitini na mmoja, akagonga, akaita, na ndani akasikia kitu: tingi, kimya, tingi. Chuma juu ya chuma. Ufunguo wa tatu ndio uliofungua.

Bibi Zilpah alikuwa sakafuni bafuni, ubavu mmoja, mguu umelala upande usio wa mguu. Mkononi alishika kikombe cha bati, na karibu yake kulikuwa na bomba la maji lililobanduka rangi pale alipokuwa akiligonga. Khanga ilikuwa imelowa. Midomo ilikuwa myeupe.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tano kasoro, Bibi."

"Ya zamani au mpya?"

Vénérand alivua koti lake la kanisani akamfunika, akaita gari la wagonjwa, akakaa chini kwenye vigae vilivyolowa akamshika mkono mpaka walipokuja.

Alizungumza vipande vipande. Alianguka alfajiri, kabla ya simu. Mlango wa bafu ulikuwa wazi na kutoka pale sakafuni aliiona saa yake ya ukutani. Hakuogopa sana mwanzoni.

"Nilijua utapiga," alisema. "Nikajiambia, nisipobonyeza atakuja. Nikangoja. Haikulia. Nikakumbuka leo ndiyo siku yao ya kugeuza saa. Nikasema, labda nimeiwahi, labda bado. Nikangoja saa nyingine. Sikumbuki zinakwenda mbele au nyuma, Vénérand. Nikaongeza na ya tatu."

"Nyamaza, Bibi, utachoka."

"Halafu nikagonga bomba. Nimegonga kama ulivyokuwa ukigonga wewe, mfululizo. Hakuna aliyekuja kupanga foleni."

Miaka yote alikataa kuhesabu saa yao. Siku moja tu aliihesabu, na aliihesabu ili kumtetea Vénérand.

Hospitalini walisema nyonga imevunjika, na kwamba mapafu nayo si mazuri kwa kulala kwenye maji saa zile zote. Angepatikana mapema, daktari alisema, mambo yangekuwa mepesi. Alisema taratibu, bila kumlaumu mtu, akaondoka. Vénérand na Jerotich walibaki wamekaa kwenye korido. Wazee wengine kumi na watatu walikuwa salama. Jerotich alikuwa amemfuata na kompyuta ya mkononi, na ndani yake ameiona ile 02:30, iliyoandika orodha mara mbili mwezi wa nne na kuiruka mwezi wa kumi.

"Mzee, uliniambia umeisogeza."

Vénérand alitoa daftari mfukoni, akalifungua pale penye herufi kubwa, akamwekea magotini. "Saa mbili hadi saa tatu, ya usiku. Nikaitoa ile ya jioni."

"Ya jioni kwa nini?"

"Saa mbili ya usiku ni wakati gani kwenu, mama? Kwetu ni wakati wa kula."

Jerotich alilisoma daftari tena. Siku nzima ofisini anasema saa kwa Kiingereza, na akirudi kwenye Kiswahili anazileta zile zile, mbili ya kule inakuwa saa mbili ya huku. Nyumbani kwake wote wanasema hivyo na wanaelewana. Bibi yake mzaa mama, kule Kericho, angemcheka.

"Nilimaanisha saa nane," alisema polepole. Ilikuwa mara ya kwanza Vénérand kumsikia akisema kitu polepole. "Saa nane ya usiku. Nilisema saa mbili."

"Ulisema saa mbili."

"Na wewe ukauliza kama ni ya usiku."

"Nikauliza. Ukasema eeh."

Muuguzi alipita na kigari cha dawa. Jerotich alianza kulia bila sauti, na Vénérand akalitazama daftari lake, mwandiko safi, hakuna neno lililokosewa. Angetamani apate kosa.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa na kueleza yote, pamoja na kichekesho chake cha mlangoni. Akaweka kopo la funguo juu ya meza, akasema atafutwe mtu mwingine. Hakuna aliyesogea. Mwishowe Kasoki akainuka, akalichukua kopo na kulitia kwenye mkoba wake. "Ibada iendelee," alisema. "Huyu bado ana wazee wa kuamsha kesho."

Lakini ruhusa aliyoitaka haikuwa ya kanisa, na alijua. Alikwenda wodini Jumatatu baada ya kazi, bado ana harufu ya sabuni ya sakafu. Akamweleza Bibi Zilpah habari ya saa mbili mbili, ya Jerotich na ya kwake. Bibi Zilpah alisikiliza macho yamefumbwa.

"Kwa hiyo nimevunjika kwa ajili ya Kiswahili," alisema.

"Kwa ajili yangu, Bibi."

"Sikuuliza ya nani." Akafumbua macho. "Kesho utapiga?"

"Uko hospitali. Umetolewa kwenye orodha."

"Nirudishe."

Hakurudi tena kwenye fleti ya relini. Alipotoka hospitali alipelekwa kwenye nyumba ya wazee upande wa Cabramatta, chumba cha watu wawili, na saa yake ya ukutani akaenda nayo. Huko wauguzi wanapita usiku na mchana, na mtu wa kumpigia simu kuuliza kama ameamka hana kazi. Walipomwambia hivyo aliwaangalia mpaka wakaacha.

Vénérand na Jerotich walimbadilisha Karani. Orodha sasa inaandikwa saa sita mchana, ya siku inayofuata, kwa sababu mchana saa hazichezewi na mtu yuko macho kuona. Kila asubuhi Karani anatuma ujumbe hata kama wote wamebonyeza. Asipotuma, Vénérand anachukua funguo. Na ukutani stoo wamebandika karatasi yenye safu mbili, saa za jua na saa za kompyuta. Hakuna tena kusema saa kwa simu juu ya kazi za Karani. Mnakutana, mnaonyeshana kwa kidole.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne mwaka huu, saa ziliporudishwa nyuma, Vénérand alikuwa Cabramatta kabla ya mapambazuko. Muuguzi wa zamu, mama wa Kivietinamu aliyemzoea, alimfungulia bila kuuliza. Bibi Zilpah alikuwa macho, simu juu ya blanketi. Amepungua, mkono ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

Saa kumi na mbili na nusu simu ililia. Sauti ya Vénérand ikatoka mle ndani ikimuuliza Zilpah ameamkaje, na Vénérand mwenyewe amekaa pembeni yake amenyamaza. Bibi Zilpah alibonyeza moja kwa kidole gumba, taratibu, akaiweka simu chini.

"Ya pili?" aliuliza.

"Haiji, Bibi."

"Mwaka jana ilikuja."

"Mwaka huu haiji."

"Tungoje tuone."

Wakangoja. Simu ya Vénérand ilitetemeka mfukoni. Akaitoa, akasoma: wote kumi na wanne wamebonyeza. Akamwonyesha. Bibi Zilpah hakuangalia kioo cha simu ya mtu, aliangalia saa yake ya ukutani, ambayo iliendelea na hesabu yake. Dakika tano zikapita, kumi. Nje mtu alikuwa akiburuta mapipa ya taka. Simu juu ya blanketi haikulia.

"Sawa," alisema Bibi Zilpah. "Sasa niletee chai."